YAH: MADIRISHA MAWILI YA KULE JUU YANAVUJA

Kwa Meneja,

Salamu. Risiti yenu ninayo, na ile waranti ya mwaka 1 mnaijua wenyewe sirudii. Naongelea yale madirisha mawili ya slaidi mliyoniwekea hapa Kigamboni, kwenye ukuta wa pembetatu kule juu unaoshika bati, upande wa baharini, ndo chumba anacholala binti yangu na kichanga cha wiki 5.

Juzi nimekuja ofisini kwenu na video kwenye simu, kijana wenu wa kaunta hajaiangalia hata kidogo, akaniambia mbele ya wateja "mama, mvua ikinyesha si uweke ndoo?" watu wakacheka. Ndoo! Laki tisa na nusu nimetoa keshi halafu niweke ndoo.

Fremu ya chini ina vitundu vya kutolea maji, vinatakiwa viangalie nje, fundi wenu kaigeuza vinaangalia ndani. Sasa masika hii na upepo wa kusi unavyosukuma mvua, maji yanajaa kwenye reli yanamwagikia ndani, yanashuka na ukuta mpaka kwenye godoro, plasta imevimba rangi inabanduka. Silikoni nayo kapaka ndani tu, kwa nje ncha ya kidole inaingia kati ya fremu na tofali. Nilimwambia hukohuko akiwa juu ya ngazi, akasema silikoni imeisha, atarudi kesho, hiyo ni Februari, mvua hata haijaanza.

Nirudie tena maana sidhani kama mmeambiwa. Nimesimama pale, mtu mwenye umri wa kumzaa, namwambia mwanangu hebu tazama, yeye anachati, kichwa hanyanyui, "weka ndoo". Hata pole hakunipa. Nimetoka pale natetemeka.

Naomba mje mzigeuze hizo fremu mzibe na nje. Plasta na rangi mlipe nyie, na godoro pia. Tena hapana, fundi yule simtaki kwangu, nirudishieni hela yangu yote nitafute mwingine, na huyo kijana anipigie mwenyewe aniombe radhi. Mwisho Ijumaa. Ikipita naenda Tume ya Ushindani na risiti na video zangu, na ile kazi ya kwa mdogo wangu, madirisha 11, isahauni kabisa.

Mteja wenu,
Kigamboni