Maji watunyang'anye wao, lawama tubebe sisi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka na miaka na sijawahi kukuandikia, mimi si mtu wa barua, ila ile habari yenu ya mashabiki kuanguka kwa joto nje ya uwanja imenishinda kunyamaza. Eti chanzo ni mashabiki "kutojiandaa". Halafu chini mkatuwekea na ushauri: kunyweni maji, vaeni kofia, kaeni kivulini. Kivuli gani jamani? Huyo mwandishi wenu ameshawahi kupanga foleni ya geti saa nane mchana wakati wa kiangazi, au yeye anapitia mlango wa waandishi kwenye kiyoyozi?

Kujiandaa tunajiandaa. Kuna safari moja nilienda kwenye mechi na kaka yangu mkubwa, mtu wa presha, anameza vile vidonge vinavyokukojoza kila saa. Kabla hatujaondoka alimuuliza daktari wake kabisa, akaambiwa dawa hizo na jua kali havipatani, apumzike njiani na maji yasimkatikie. Pombe pia hakugusa, ingawa nusu ya basi walianza kunywa tangu asubuhi. Sasa basi lenyewe likatushusha maegesho ya mbali huko, tukatembea juu ya lami, jua linakupiga utosini na lami nayo inakutemea joto lake kutoka chini. Tunafika getini, kijana mwenye kizibao cha kung'aa anatwambia vinywaji vya nje haviruhusiwi, anachukua chupa zetu anatupa pipani. Nikachungulia lile pipa. Limejaa chupa za maji mpaka zinamwagika, nyingine hata hazijafunguliwa, na pembeni yake foleni ya watu midomo imekauka na foleni yenyewe haisogei. Baada ya muda kaka akanigeukia akaniuliza matokeo yalikuwaje. Matokeo! Hatujaingia hata ndani! Nikamgusa, mwili unachoma, anaongea maneno yasiyoshikana, miguu inamlegea. Nikapiga kelele, akaja kijana wa huduma ya kwanza na vidonge vya kushusha homa mkononi. Mhariri, hiyo si homa! Mtu joto la mwili likipanda huko kwenye nyuzi 40 na akili ikianza kuyumba, dawa za homa hazimsaidii chochote, na kumnywesha kitu mtu asiyejitambua ni kumpalia. Anatakiwa apoozwe hapo hapo, sio kusubiri gari la wagonjwa lifike kwanza. Aliyetuokoa ni mama mmoja muuguzi, shabiki wa timu pinzani tena, alimvua kaka jezi (hizi jezi za nailoni nazo ni shughuli), akatuambia tuzitoe zile chupa pipani tummwagie mwili mzima, huku watu wanampepea kwa mabango, na mwingine akatoa barafu kwenye boksi lake tukambana nazo shingoni na kwapani. Ndiyo, maji yale yale waliyotunyang'anya. Kaka alilazwa akapona, mechi hatukuiona na hela ya tiketi haikurudi.

Na msiniambie wenye mpira na riadha hawajui hatari ya joto. Wanajua sana, ila wanajua kwa upande wa wachezaji tu. Marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Doha, Qatar, 2019 ilianzishwa usiku wa manane ili kukwepa joto, na bado kati ya wanariadha 68 walioanza 28 hawakumaliza, na hao ni watu ambao kukimbia ndiyo kazi yao. Juni 2025 kwenye Kombe la Dunia la Klabu pale Cincinnati, Marekani, wachezaji wa akiba wa Dortmund, timu ya Ujerumani, waliangalia kipindi cha kwanza wakiwa chumba cha kubadilishia nguo kwa sababu ya jua. Kombe la Dunia 2026 FIFA wakapanga dakika tatu za kunywa maji kila kipindi. Safi, wala sina kinyongo, wanywe. Lakini huyu kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye daktari wake pembeni anasimamishiwa mchezo anywe maji, wakati mzee wa presha aliyetoka nchi ya baridi juzi tu, ambaye mwili wake unahitaji wiki moja au mbili kuzoea joto, anasimama juani bila tone halafu gazeti linaandika hakujiandaa?

Tena afadhali nimekumbuka, hizi tiketi za kwenye simu ni nani aliwaomba? Simu ikikaa juani inachemka, mwanga unafifia wenyewe, halafu inaandika ipoe kwanza ndiyo itumike. Yaani simu ina akili kuliko uongozi wa uwanja, imechoka na joto imejizima. Wewe sasa uko getini umeshika kioo cheusi, nyuma watu wanakusukuma, na kizibao anakwambia kaa pembeni uwapishe wenzako. Pembeni wapi? Juani. Karatasi ilikuwa na ubaya gani, ilikuwa haichemki na ukiikunja unajipepea nayo.

Mimi pendekezo langu ni dogo. Kila msimu wa joto ukianza, mkurugenzi wa uwanja ashushwe kwenye yale maegesho ya mbali, na suti yake na tai, aje kwa miguu, chupa yake itupwe pipani kama zetu, tiketi yake iwe kwenye simu. Akifika getini aulizwe leo zinacheza timu gani. Akijibu sawasawa waendelee na utaratibu wao. Akikosea, mapipa yale yatolewe yawekwe mabomba ya maji, na lile turubai wanalowafunikia wageni waalikwa livutwe mpaka kwenye foleni. Mwandishi wenu amsindikize aandike yote, kofia nitamwazima mimi.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi, bado nina hasira.