Barua ya Wazi: Pimeni Mafuta Kabla ya Kutujazia Injini

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Mradi wa Mafuta ya Mimea,
Lamu.

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa, nimebisha mlangoni pa ofisi yako mara nne, na mara zote nne nimeambiwa umesafiri. Ndipo nimeamua kukuandikia hadharani.

Mimi ni nahodha wa boti ya abiria baina ya Kizingitini, Faza na Amu. Alhamisi iliyopita injini ilizima tukiwa ndani ya Mkanda, ule mkondo mwembamba baina ya Manda na bara, maji yakipwa, nikiwa na abiria 11, mmoja wao bibi mzee aliyekuwa akipelekwa hospitali akihema kwa shida. Tulisukuma kwa pondo hadi boti ikagota mchangani, tukapwelewa. Kwa saa tano tulingoja maji yarudi, jua likituwakia, bibi yule akipepewa kwa ncha ya leso. Alifika salama, alhamdulillahi, lakini sauti ya pumzi zake ningali naisikia.

Ndani ya tangi mlikuwa na mafuta yako. Ulisimama gatini mbele ya wazee na manahodha ukatuahidi kwamba hiyo ni bayodizeli kamili, yaani mafuta ya mimea yaliyogeuzwa yafae injini ya dizeli, na kwamba kila pipa limepimwa. Nilikuamini kwa sababu jambo lenyewe si la kubuni: katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Bei ya dizeli imetuelemea, na mafuta yaliyokwisha kukaangia hotelini humwagwa bure. Mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Lakini mafuta ya kupikia na bayodizeli ni vitu viwili, Mheshimiwa. Mafuta ya mimea yasiyochakatwa ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli, kwa hiyo nozeli, kile kidude kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini, haiwezi kuyarusha kama ukungu. Hutoka matone makubwa yasiyoungua yote, na mabaki yake huganda. Wanaoyatumia yakiwa mabichi hufunga tangi la pili na kuyapasha moto kwa maji ya injini hadi nyuzi 70 hivi, wakiwasha na kuzima kwa dizeli ya kawaida. Sisi hatukufungiwa chochote cha namna hiyo. Na kuyageuza kuwa bayodizeli ni kazi ya uangalifu: hukaushwa maji, huchanganywa na methanoli, aina ya spiriti, na kostiki soda, ile ya kupikia sabuni, glisarini, yaani uzito unaojitenga na mafuta, ikaachwa ituame na kutolewa, kisha yanayobaki yakaoshwa na kukaushwa tena.

Fundi alipofungua injini yangu aliniita nitazame mwenyewe. Vitundu vya nozeli vilikuwa vimezibwa na masizi magumu kama lami, ringi zimenasa kwenye pistoni, na oili ilining'inia kidoleni kama asali. Ndani ya filta mlikuwa na uji mweupe. Kila mtu wa Amu ameona chupa ya mafuta ya nazi ikiganda asubuhi za kusi, maana chini ya nyuzi 24 hivi hayabaki maji; ikiwa mapipa yale yalikuwa na mafuta ya nazi au ya mawese, si ajabu yaliganda bombani.

Mwanangu alipeleka chupa moja kwa mwalimu wake wa kemia. Mwalimu alitia mililita 3 za mafuta hayo katika mililita 27 za methanoli, akatikisa. Bayodizeli iliyokamilika huyeyuka yote humo. Mafuta mabichi hutuama chini. Ya kwetu yalituama, tabaka la manjano linaloonekana wazi. Nadhani methanoli ilipunguzwa kwa sababu ya gharama, au mafuta yalikuwa na maji, kwani mapipa yalikaa wazi wakati wa mvua. Sina hakika ni lipi kati ya hayo, na ni wewe unayepaswa kutwambia.

Pampu imepelekwa Mombasa. Nimekwisha kukopa shilingi 48,000, boti iko juu ya magogo, baharia wangu wawili hawana kazi, na karo ya muhula huu sijui nitaitoa wapi. Sikuombi unilipe leo, ingawa haki yangu siiachi.

Ninaloomba ni moja: pimeni. Mapipa sita yangali gatini, na nimesikia yatagawiwa kwa wavuvi wa Kizingitini kabla ya bamvua lijalo. Kipimo alichokifanya mwalimu yule hakihitaji maabara kubwa. Tafadhali kifanyike kwa kila pipa, gatini, mbele ya wenye boti, na pipa litakaloshindwa lirudishwe. Uliahidi kwamba yamepimwa. Basi yapimwe sasa, tukiona kwa macho yetu, kabla mtu mwingine hajapwelewa na mgonjwa ndani ya Mkanda.

Wako kwa heshima,
Nahodha wa boti ya abiria, Kizingitini