Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wetu: fulana tumezipata, vitendanishi viko wapi?

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo, na pole na majukumu. Barua zangu za awali zilipokelewa masjala, zikagongwa muhuri, na nina hakika zimetunzwa vizuri sana kwenye faili. Hii naiandika hadharani kwa sababu ya kilichotokea Jumanne.

Jumanne mdogo wangu wa kiume alikwenda hospitali ya mkoa na karatasi ya daktari inayoagiza apimwe mafuta kwenye damu. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu usiku, kama alivyoelekezwa. Amekaa kwenye benchi la maabara hadi saa tano, ndipo kijana wa dirishani akamjibu lile jibu ambalo mkoa huu hata watoto wanalijua: vitendanishi, yaani zile kemikali za kupimia damu, vimeisha. Vinakuja lini? Hajui. Nani anajua? Aulize ofisini. Ofisini wako semina.

Anatoka getini, gari la matangazo linapita na spika juu. Wananchi wote mnakaribishwa uwanjani tarehe 29 Septemba, Siku ya Moyo Duniani, kupima afya bure. Watakaowahi watapewa fulana.

Mheshimiwa, fulana tunayo. Ya mwaka jana, nyeupe, ina picha ya moyo mwekundu kifuani. Aliipata marehemu kaka yangu.

Kaka alikuwa dereva wa lori, mwembamba, havuti sigara. Uwanjani walimpima presha, wakamtoboa kidole kupima sukari, wakampima uzito, wakamwandikia kwenye kadi "HALI NZURI" kwa kalamu ya bluu. Mgeni rasmi akatusomea takwimu za Shirika la Afya Duniani, kwamba mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo ni katika nchi kama yetu. Tukapiga makofi. Sijui tulikuwa tunashangilia nini. Kabla ya Pasaka kaka akaamka alfajiri analalamika kiungulia, akaomba maji, na hakuyamaliza. Alikuwa na miaka 46. Baba yetu naye alikwenda hivyo hivyo kabla hajafika hamsini, na kijijini wakasema karogwa.

Sasa nakuomba usome hapa kwa makini, maana wewe ni daktari na mimi ni muuzaji tu wa famasi. Kwenye kope za juu za kaka, upande wa karibu na pua, kulikuwa na vivimbe bapa vya njano, kama siagi iliyopakwa kwa ncha ya kisu. Haviumi, haviwashi. Wifi yangu alikuwa akimtania kwamba anazeeka kuanzia machoni. Vivimbe vile si kila mara, lakini mara nyingi, ni dalili kwamba kolesteroli, aina ya mafuta, imezidi kwenye damu. Ndiyo maana mwenye navyo hupimwa. Pale uwanjani alipita mbele ya meza nne za watu waliovaa makoti meupe, na mashine ya presha haina macho.

Mdogo wangu, aliyerudishwa Jumanne, ana miaka 38. Anavyo pia. Jicho la kushoto tayari, la kulia ndiyo vinaanza.

Usidhani nadai maajabu. Huko Framingham, Marekani, walianza mwaka 1948, TANU haijazaliwa, kuwafuatilia watu 5,209 wa mji mmoja ili kujua nani atapata ugonjwa wa moyo na kwa nini. Mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru, wakaandika kwamba kolesteroli nyingi na presha ya juu hutangulia ugonjwa. Hiyo ndiyo habari ninayoidai, Mheshimiwa. Ni mzee mwenzake Uhuru. Mwaka 2024 watafiti wengine wakachapisha utafiti wa wanawake wa Marekani karibu 28,000: damu ilichotwa mara moja, ikapimwa kolesteroli mbaya, ile inayoziba mishipa, protini ya uvimbe iitwayo CRP, na lipoprotini(a), chembe nyingine inayobeba mafuta kwenye damu, kisha wakafuatiliwa miaka 30. Vipimo vile vya siku moja vilionyesha nani yuko hatarini zaidi miongo mitatu mbele. Hiyo lipoprotini(a) mtu huirithi kwa wazazi, na kwa wastani watu weusi tunayo kwa wingi kuliko wazungu. Kwa familia iliyozika baba na mwana kwa ugonjwa unaofanana, ningekuwa na haki ya kukiulizia kipimo hicho. Sikiulizii. Naulizia kile cha zamani, cha bei nafuu, ambacho mashine yake iko ndani ya jengo lako.

Maana mashine ipo. Ulikuja mwenyewe kuizindua, ukakata utepe, ukaahidi mbele ya wazee na kamera kwamba damu ya mwananchi wa mkoa huu haitasafirishwa tena kwenda jijini. Kipande cha utepe bado kimefungwa kwenye kitasa cha mlango wa maabara, kimepauka. Damu nayo inasafiri. Maabara binafsi ya hapa mjini huichota, huitia kwenye kiboksi chenye barafu na kuipandisha basi la usiku, majibu yakaja kwa simu. Mwenye hela anajua moyo wake ukoje. Mdogo wangu ni kibarua wa kubeba matofali.

Kwa nini mashine imelala? Kila mtu ana lake. Mafundi wanasema ni zile mashine zinazokubali vitendanishi vya kampuni moja tu, na hospitali inadaiwa, kwa hiyo kampuni imefunga mkono. Mlinzi anasema umeme ulikuja kwa kishindo ukaunguza kitu ndani. Mwingine kaniambia fundi pekee aliyefundishwa kuitumia amehamishwa. Mimi nahisi ni deni, kwa sababu kipimo cha mimba hakijawahi kuisha na hicho hakihitaji mashine. Lakini nahisi tu. Wewe ndiye unayejua, na hujasema.

Najua pia utakachojibu, kwa sababu msaidizi wako alishanijibu: kwamba zipo chati za Shirika la Afya Duniani zisizohitaji maabara, za mwaka 2019, unaangalia umri, jinsia, sigara, presha, na uzito kwa urefu. Ni kweli zipo, na ni nzuri kuliko kukaa bure. Je, uwanjani zilitumika? Kaka hakuulizwa hata kama baba yake yuko hai. Halafu mwongozo wa shirika hilo hilo unasema mtu ambaye kolesteroli yake yote imefika 8 na kuendelea, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, aanzishiwe dawa bila kujali chati inasema nini. Utamjuaje huyo bila kupima damu yake? Mwembamba, havuti, presha safi. Chati itamwandikia HALI NZURI kwa kalamu ile ile ya bluu.

Na dawa ipo! Hilo ndilo linaloniuma kila nikifungua duka. Atovastatini, vidonge vya kushusha kolesteroli, ziko rafu ya pili nyuma yangu, vumbi linazipata. Kila kolesteroli mbaya ikishuka kwa milimoli moja kwa lita, hatari ya shambulio la moyo na kiharusi hupungua kwa karibu moja ya tano. Hilo limethibitishwa kwa maelfu ya wagonjwa. Hapa zinakaribia kuisha muda kwa sababu hakuna daktari wa kuziandika bila kipimo, na kipimo hakuna. Badala yake wananiulizia unga wa kitunguu saumu. Nauza, nifanyeje. Mzee mmoja juzi kanionyesha chupa ya "kusafisha mishipa" aliyouziwa kwenye basi, bei yake inazidi kipimo chenyewe.

Wifi na watoto watatu sasa wako kwangu. Lori limeuzwa kulipa madeni ya lori. Mtoto mkubwa wa kaka yuko kidato cha tatu, na daktari aliyemwandikia mdogo wangu karatasi ameagiza watoto hao nao wapimwe, kwa sababu ugonjwa wa aina hii hufuata damu. Wapimwe wapi, Mheshimiwa? Niwapandishe basi la usiku pamoja na viboksi?

Nilitaka kuomba mengi. Kuwe na anayeulizia historia ya familia, kuwe na anayewatazama watu usoni, bima ilipie, fundi arudishwe. Nimeyafuta. Naomba vitendanishi vya kolesteroli. Kama fedha ni tatizo, hesabu fulana za mwaka huu ni ngapi, uzirudishe kiwandani, ununue vitendanishi. Kama deni ndilo tatizo, tuambie ni kiasi gani na unalilipa lini. Kama mashine imekufa, sema imekufa. Na kama yote hayo ni mazito, basi bandika karatasi moja kwenye dirisha la maabara yenye tarehe, ili watu wasije na njaa kuambiwa warudi na njaa.

Vitendanishi, Mheshimiwa. Tarehe 29 sitakuja uwanjani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuza dawa, famasi ya karibu na stendi

Nakala: Mganga Mfawidhi, Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, ubao wa matangazo, kama una nafasi