Mdogo wangu, usiifungue Nagona kwa kutafuta dhamira

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniuliza dhamira kuu ya Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ni ipi. Nakujibu hadharani kwa sababu wenzako wengi wa mwaka wa kwanza hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamekwama palepale. Mmetoka kidato cha sita na jedwali kichwani: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake. Kwa riwaya inayosimulia moja kwa moja, jedwali hilo linafaa. Ukilipeleka kwa Kezilahabi wa mwaka 1990, Nagona ilipotoka, linabaki tupu, nawe unaanza kujiona huna kichwa cha fasihi. Kichwa unacho. Ulichokosea ni swali la kuanzia.

Anza na dunia ya kitabu. Mwaka 1987 mhakiki Brian McHale alitoa kipimo ambacho sijaona cha kukishinda kwa mwanafunzi. Kazi ya usasa (modernism), alisema, inahangaika na kujua: nitaijuaje dunia hii, na ninachokijua kina uhakika gani? Kazi ya usasabaadaye (postmodernism) inahangaika na kuwepo: hii ni dunia ipi, ziko ngapi, nami nimo katika ipi? Chukua riwaya ya Mrs Dalloway ya Mwingereza Virginia Woolf, ya 1925. Yote yanatokea London, siku moja ya Juni, na saa ya Big Ben inawalilia wote sawasawa. Wahusika wake wakuu, Clarissa na Septimus, hawakutani hata mara moja, ila wewe msomaji umeingia vichwani mwao wote wawili. Dunia ni moja, fahamu ni nyingi. Kichwamaji (1974), riwaya ya awali ya Kezilahabi, nayo naiweka upande huo. Kijiji ni kijiji, ofisi ya serikali ni ofisi. Kilichopasuka ni nafsi ya Kazimoto, msomi wa chuo kikuu asiyeona maana ya kuishi. Sasa fungua Nagona ujaribu kuchora ramani ya safari ya msimulizi. Haichoreki. Hapo umeshavuka mpaka, na umejua hivyo kwa kusoma mwenyewe, bila kumsubiri mhadhiri akutajie jina la nadharia.

Kosa linalowaharibia wengi insha liko kwenye sababu za mwandishi kuandika hivyo. Mwanafunzi ananakili aya ya Ulaya (Vita vya Kwanza vya Dunia vya 1914–1918, nadharia ya Freud kuhusu akili, miji mikubwa) kisha anaibandika juu ya Kezilahabi kana kwamba alizaliwa London. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Yaliyomzunguka ni Azimio la Arusha la 1967, watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, na msomi aliyerudi kwao akakuta hawaelewani na wazazi wake. Mwanafalsafa Mfaransa Lyotard alipoandika mwaka 1979 kwamba watu wameacha kuamini simulizi kuu zinazoeleza kila kitu, hapa kwetu simulizi kuu ilikuwa na jina na tarehe: ndilo hilo Azimio. Mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, simulizi hiyo ikalegea, na miaka minne baadaye ikatoka riwaya ambayo ndani yake hakuna simulizi moja inayoshika hatamu. Uhusiano huo ni usomaji wangu, na wapo watakaoupinga. Ukitaka kuutumia, uthibitishe ndani ya matini.

Kwenye ushairi hoja ni fupi ila ina kazi ya mikono. Kichomi (1974), diwani ya Kezilahabi, iliwaudhi wanamapokeo, yaani washairi wanaoshika kanuni za zamani, kwa kuacha vina na mizani. Huwezi kueleza kilichoachwa kama hujui kukihesabu. Tunga ubeti mmoja wa tarbia: mistari minne, kila mstari mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Ukimaliza, soma shairi moja la Kichomi kwa sauti, uangalie mstari unakatwa wapi na kwa nini. Je, ni pumzi? Ni picha? Au ni neno analotaka lisimame peke yake? Majibu hayo ndiyo uchambuzi.

Nagona haifiki kurasa mia. Mara ya kwanza isome kwa mkao mmoja, bila kalamu. Mara ya pili andika pembeni mambo matatu kila simulizi inapogeuka: nani anasema, lini, wapi. Usipopata jibu usikisie. Weka alama ya kuuliza. Alama zikirundikana mahali pamoja, hapo ndipo mwandishi amefanya kazi kubwa zaidi, na insha yako iko hapo. Mara ya tatu tafuta vilivyoazimwa: Biblia, wanafalsafa wa Ulaya, masimulizi ya wazee. Wengi wakishamwona Plato wanashangilia na kufunga daftari. Endelea kuuliza: amechukuliwa afanye nini humu, anaheshimiwa au anavuliwa nguo?

Jihadhari pia na kugeuza kila kitu kuwa ishara yenye jibu moja. Chukua paa, yule mnyama wa porini anayefuatwa ndani ya Nagona: "Paa ni ukweli", nukta. Vijitabu vya uchambuzi vya stesheneri vimejaa sentensi hizo. Paa anakimbia, anafukuzwa, hashikiki. Ukishampa maana moja umemkamata, na kitabu kimekufa mkononi mwako. Kezilahabi alilifikiria sana jambo hili: tasnifu yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi.

Atakayekwambia usasa ni wa Wazungu, usiutafute huku, mkumbushe kwamba Achebe alichukua jina la riwaya yake ya 1958 kutoka kwa mshairi Yeats, na la 1960 kutoka kwa mshairi Eliot. Alichukua akafanyia mambo yake.

Mpangilio ninaokushauri: Kichwamaji, kisha Nagona, halafu Mzingile (1991), riwaya yake iliyofuata, papo hapo kabla hujasahau, maana zinaitikiana. Kwa Waingereza na Waayalandi, Woolf kabla ya Joyce. Ulysses, riwaya ya Joyce, ina sura 18. Ikikushinda mwanzoni ingia sura ya nne, mhusika mkuu Bloom akiandaa kifungua kinywa, ndipo urudi nyuma. Sura ya mwisho ni sentensi ndefu nane karibu bila alama za uakifishi. Isome kwa sauti, sikio litakuwekea vituo.

Nakala za Nagona dukani ni za kubahatisha, kwa hiyo anzia maktaba ya chuo. Unapoandika, weka aya moja ya kitabu mbele, mistari mitano au sita, ueleze inafanya nini, na jina la nadharia lije baadaye. Nitumie hiyo aya kwanza, kabla hujaandika utangulizi.