Risala ya Kamati ya Tuzo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwatambua Wanafunzi, Wafanyakazi na Vikundi Hodari, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Ofisa Elimu Kata, Mtendaji wa Kata, viongozi wetu wa dini, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, wanafunzi, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. Kama yupo kiongozi tuliyemruka atuwie radhi, kipaza sauti kinatumia betri na betri yenyewe ni ya kuazima.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukakutana hapa leo. Pili tunakushukuru wewe binafsi kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, na tunajua barua yetu haikuwa barua pekee mezani kwako. Hapa Mwisho wa Reli tumezoea kungoja: tunangoja treni, tunangoja boti pale Kibirizi, tunangoja wageni rasmi. Wewe umechelewa dakika arobaini tu. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule yetu ni sekondari ya kata, ilianza mwaka 2007 katika wimbi lile la Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Ilianza na vyumba viwili vya madarasa, walimu watatu na mwembe mmoja. Mwembe ndio huo unaokupa kivuli. Mengine yaliyotokea kati ya 2007 na leo ni marefu na jua linapanda, kwa hiyo kwa ruhusa yako tutayaruka.

Kamati ya Tuzo iliundwa mwaka 2018 na wazazi, walimu na wawakilishi wa wanafunzi. Kazi yake ni kuwatambua hadharani wanafunzi wanaofanya vizuri, wafanyakazi wanaojituma, na vikundi vya kijamii vinavyoisaidia shule. Wakati huo tulionekana watu wa maneno mengi. Leo tunajivunia mafanikio makubwa ambayo hayana mfano katika eneo letu. Katika mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, idadi ya wanafunzi waliopata daraja la kwanza iliongezeka kwa asilimia mia moja, kutoka mmoja hadi wawili. Tangu sekondari ya pili ijengwe katika kata hii hatujawahi kushuka chini ya nafasi ya pili kikata. Utoro umepungua, hasa siku za uji. Timu yetu ya netiboli ilifika hatua ya robo fainali baada ya wapinzani kukosa usafiri.

Tunaomba utuvumilie kidogo tueleze namna tunavyowapata washindi, kwa sababu hapo ndipo jasho letu lilipo. Sote tunajua jinsi mfanyakazi hodari anavyopatikana mahali pengi ikikaribia Mei Mosi. Huwa ni zamu. Mwaka huu idara hii, mwakani idara ile, na mtu anaweza kuwa hodari kwa sababu tu wenzake wote wamekwisha kuwa hodari. Sisi tulikataa zamu. Kwa wafanyakazi tunatazama daftari la mahudhurio, tunatazama kazi zilizosahihishwa kwenye madaftari ya wanafunzi, kisha wanafunzi wenyewe wanapiga kura ya siri. Kura hiyo ndiyo iliyompa ushindi mlinzi wetu wa usiku mwaka juzi, akiwashinda walimu kumi na wanane. Baadhi ya walimu walinuna wiki nzima. Lakini wanafunzi walieleza sababu: yeye ndiye anayewawashia taa alfajiri wanaokuja kujisomea, naye hutembea kutoka Gungu kwa miguu, mvua isimzuie.

Kwa nini tunahangaika hivi? Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa. Hatuna ugomvi na uamuzi huo. Kusema kweli jina letu halikuwa karibu na orodha ile, wala halikuwa njiani. Ila maana yake ni kwamba binti wa mvuvi wa Katonga aliyepata A ya Fizikia hatasikia jina lake redioni. Upo ufadhili wa Rais Samia kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita, na tunaushukuru sana, lakini kati ya binti huyo na Kidato cha Sita ipo miaka ambayo hakuna anayempigia makofi isipokuwa sisi hapa chini ya mwembe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tukuandikie barua tatu.

Mwaka juzi tulipata mgeni rasmi mkubwa. Hatutamtaja, kwa heshima yake na kwa usalama wa risala hii. Alifurahishwa na matokeo yetu, akasimama hapo ulipokaa wewe, akamwita mwalimu wetu wa Hisabati na kumkabidhi mfano wa hundi ya shilingi 1,000,000. Mfano huo ulikuwa wa boksi gumu, mrefu kama mlango. Watu walipiga vigelegele. Akaahidi shilingi 20,000 kwa kila A itakayopatikana mtihani unaofuata, ilipwe kwa mwalimu wa somo. Akaahidi baiskeli kwa mlinzi. Akaahidi cherehani mbili kwa kikundi cha akina mama wanaowashonea wanafunzi sare zilizochanika bila malipo. Tukamsomea ile methali ya ahadi na deni, naye akaitikia kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Picha za hundi zilifika Kasulu kabla ya mwalimu kufika nyumbani kwake. Wajomba wakaanza kupiga simu. Huyu ana mgonjwa, yule anaezeka, mwingine anasema tu "hongera" kisha ananyamaza akisubiri. Mwalimu, akijua fedha ziko njiani, akakopa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa mno, ili awatulize ndugu. Fedha hazikuja. Tulipofuatilia tuliambiwa mhusika yuko safarini, halafu faili liko kwa mhasibu, halafu tarehe 30 Juni ikapita na mwaka wa fedha ukafungwa, na mwaka mpya haukuwa na kifungu hicho. Mwalimu sasa amehamia halmashauri nyingine. Hundi aliiacha. Imezibwa nayo dirisha la stoo ya vitabu lililovunjika kioo, na tunakiri kwamba upande huo mvua haiingii.

Zile A nazo zilipatikana, Mheshimiwa. Zilikuwa 37. Tumesikia tetesi kwamba kuna mahali iliulizwa kama A za Kiswahili nazo zinahesabiwa. Zinahesabiwa. Aliyeahidi alisema "kila A", na Kigoma yote inajua maana ya neno "kila".

Akina mama walijenga kibanda cha kuwekea cherehani, matofali walifyatua wenyewe. Kibanda kipo hadi leo. Kuna kuku ndani.

Mwaka jana mgeni rasmi alipata udhuru akatuma mwakilishi, na mwakilishi, kwa niaba, akaahidi kompyuta mpakato kwa mwanafunzi aliyeongoza. Mwanafunzi huyo amekwisha maliza hapa na kwenda kidato cha tano. Bado hututumia ujumbe kwa simu ya mama yake kuuliza. Mwanzoni alikuwa anauliza kompyuta ni ya aina gani. Siku hizi anasalimia tu.

Tunasema haya si kwa kulalamika bali kwa sababu madhara yake sasa yameingia darasani. Wanafunzi wamezipa jina: zipo tuzo za kweli, na zipo "tuzo za picha". Wiki mbili zilizopita Kamati ilipomwendea binti aliyeongoza mwaka huu kumpa habari, hakuruka kwa furaha. Alisema, "Mwalimu, nipigieni makofi hapahapa nilipokaa." Ilibidi mama mmoja wa Kamati akae naye kwa saa nzima. Leo atapanda jukwaani, lakini amekubali kwa ajili yetu, si kwa ajili yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaelewa kwamba deni hili si lako. Wewe ni mgeni kwetu kwa mara ya kwanza na hujaahidi lolote. Ila kiti ulichokalia ni kilekile, na wanafunzi hawatofautishi mgeni rasmi na mgeni rasmi.

Ombi letu la kwanza, kwa hiyo, ni malimbikizo. Kamati imepita madukani Mwanga ikaulizia bei. Hundi shilingi 1,000,000. A thelathini na saba shilingi 740,000. Baiskeli 300,000. Cherehani mbili 700,000. Kompyuta mpakato, ya kawaida tu, 900,000. Jumla ni shilingi 3,640,000. Mwalimu wa Hisabati tunayo namba yake ya simu, akilipwa hata huko aliko atapokea. Mlinzi bado yuko nasi na bado anatembea.

Ombi la pili ndilo kubwa, na ukilikubali hutasikia la kwanza likisomwa tena. Tunaomba utusaidie kuanzisha Mfuko wa Tuzo wenye mtaji wa shilingi 10,000,000 ambao hautaguswa. Wazo hili hatukulibuni. Alfred Nobel, tajiri wa Uswidi, aliandika wosia mwaka 1895, akafariki mwaka uliofuata. Mali yake iliwekezwa, na tangu 1901 tuzo zinalipwa kutokana na mapato ya uwekezaji huo. Mwaka 2021 fedha hizo zilimfikia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Yaani marehemu, Mheshimiwa, amekuwa akilipa tuzo zake kwa zaidi ya miaka mia moja bila mtu kumfuatilia ofisini. Sisi tunaomba angalau walio hai tumfikie.

Mtaji huo tunapendekeza uwekwe kwenye hati fungani za Serikali, yaani tuikopeshe Serikali, ambazo riba yake hulipwa kila baada ya miezi sita. Riba hiyo ndiyo itakayonunua zawadi, ikiwa nyingi zawadi nyingi, ikiwa kidogo madaftari. Hakuna kitakachotangazwa jukwaani kabla hakijawa mezani. Akaunti ya Kamati ipo, ina waweka saini watatu, mmoja wao akiwa shehe wa jirani ambaye hajawahi kusaini kitu bila kukisoma mara mbili. Ndani yake kuna shilingi 612,000 zilizotokana na michango ya wazazi. Michango hiyo ni ya hiari. Tunajua elimu bila ada ilianza Januari 2016, kwa hiyo tunarudia, ni ya hiari, na Ofisa Elimu Kata anayetutazama hivi sasa ana nakala ya muhtasari wa kikao.

Ombi la tatu ni dogo na tunaliomba kwa unyenyekevu. Utakapopewa nafasi ya kuzungumza, tunakuomba usitangaze ahadi mpya. Ukiguswa moyoni, na tunatumaini utaguswa, mshereheshaji ana bahasha, na mweka hazina yuko mstari wa pili, amevaa kitenge cha njano, ana kitabu cha stakabadhi. Chochote utakachotoa leo, hata kama ni kidogo, wanafunzi watakiona kikihesabiwa. Zawadi unazoziona mezani, madaftari makubwa, kalamu, khanga, ndoo mbili za mawese na ile furushi ya dagaa, zote zimelipiwa. Risiti ziko chini ya kitambaa.

Hatujakata tamaa. Pale bandarini ipo meli ya Liemba, ambayo Wajerumani wenyewe walioileta waliizamisha mwaka 1916. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka kumi na moja. Hundi yetu ina miaka miwili tu.

Mwisho, Mheshimiwa, kulia kwako kuna daftari la jalada gumu. Limegawanywa safu mbili, "Kilichoahidiwa" na "Kilichopokelewa". Safu ya kwanza imeandikwa kurasa nne. Ya pili haijaanza. Mwanafunzi atakayekuja kukupa maua ndiye aliyekataa kupanda jukwaani, naye atakuletea daftari hilo pamoja na kalamu ya bluu, ili ukipenda uandike mstari wa kwanza wa safu ya pili.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Tuzo