Wifi, ukili wako ninao

Wifi yangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu ujumbe wangu wa simu unaujibu kwa vikatuni vya kucheka, na hili si la kucheka. Au tuseme ni la kucheka kidogo. Mkeka umekwisha. Ndiyo, ule ule. Mwaka mmoja na miezi miwili.

Unakumbuka tulivyoanza? Barazani kwa yule mama wa Kirufiji hapa Mbagala, kila mmoja na fungu lake la ukindu, majani ya kusukia mikeka, tukidhani Ramadhani ikifika tutakuwa na misala ya kugawa kwa ndugu. Mwalimu mwenyewe hafundishi kwa maneno. Ukimwuliza, "Sasa huu unapita wapi?" anakujibu, "Angalia mkono," na mkono wenyewe umeshapita mara nne. Ulikuja Jumapili tano. Ya sita ukasema una mgeni, ya saba kichwa kinauma, halafu ikaja ile kazi ya Morogoro, ukapata sababu isiyo na ubishi. Lakini mimi nilijua. Ni siku ile mjukuu wa mwalimu alipoutandaza sakafuni ukili wako, ule utepe mrefu unaosukwa kwanza ndipo ushonwe kuwa mkeka, akauliza mbona umekaa kama nyoka, na baraza zima likaangua kicheko.

Wangu nao ulikuwa nyoka. Ila mfupi, ndiyo maana hakuuona.

Kilichokuwa kinatupinda nilikuja kukijua wewe umeshaondoka. Ni mkono wa kulia. Unapitisha mwaa, yaani jani moja la ukindu, juu ya miwili, unauingiza chini ya miwili, unakaza. Na kila ukikaza, kulia kunavuta kuliko kushoto, ukingo wa upande ule unafupika, ukili unaanza kukata kona. Ukaze kiasi gani, hakuna wa kukwambia. Mimi ilinichukua pima nne, kila moja urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, mkono kutulia, na siku ulipotulia sikujua, nilikuwa nasikiliza umbea wa harusi ya mtu.

Halafu kuna maji. Ukindu mkavu unakatika pale unapoukunja, kwa hiyo unaufunika kwa kitambaa kibichi ulainike. Ukiulowesha kupita kiasi, utasuka kwa raha kabisa, umekaza vizuri, kumbe ukikauka unasinyaa na kuacha vipenyo. Pima yangu ya tatu ukiiinua juani unaona nyumba ya jirani. Na kuunga je? Mwaa ukikaribia kwisha unachomeka mwingine juu yake. Ukiunga miwili mahali pamoja panatokea nundu. Ninazo nundu 9. Nimezihesabu usiku, umeme umekatika, kwa vidole.

Habari za rangi niziache. Sufuria niliyochemshia ni ile kubwa ya supu ya kaka yako, na ile zambarau haijatoka mpaka leo.

Huyo kaka yako naye aliniuliza swali lake. Mkeka wa plastiki unaununua Kariakoo asubuhi, jioni umeshaulalia. Huu wako utauuza shilingi ngapi hata zirudi hizi Jumapili? Mimi ni mhasibu, hesabu hiyo naijua kumzidi. Nilianza kweli kuipiga, fungu la ukindu, nauli ya gari iliyolileta kutoka Rufiji, saa zangu, nikaiacha katikati. Wifi, ofisini nafanya kila kitu upesi na kwa usahihi, na mwisho wa mwezi tunafunga vitabu, tarehe moja tunaanza tena kama hakuna aliyewahi kufanya kazi pale. Miaka 11. Sijawahi kuiona kazi yangu imelala mahali. Ukili naukunjua sakafuni na naona: hapa nilikuwa sijui, hapa nilikuwa na hasira, hapa mtoto alikuwa na homa nikasuka kando ya kitanda, hapa nimeanza kuelewa. Nikikwambia nilifurahi kila Jumapili nitakuwa nakudanganya. Zipo nilizorudi nyumbani na shibiri moja na mgongo unaouma.

Sasa sikiliza lililonifanya niandike. Mkeka wa futi 6 kwa 4, kwa ukili wa upana wa vidole vinne, unataka pima 16. (Pima zenyewe tulipimia mikono ya kaka yako, maana mwalimu ana mikono mifupi na mimi nilishaona ananipunja.) Nilikuwa nimepanga kuitupa ile pima ya kwanza, ya nyoka. Mwalimu hakusema kitu. Aliichukua, akailowesha, akaikanda kwa chupa mpaka ikalala, akaniwekea pamoja na nyingine. Hata hivyo zilitimia 15. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Ulikuwa ni ukili wako. Amekutunzia muda wote huo, hajawahi kuutaja. Ulipungua shibiri mbili kutimia pima, nikaziongezea mimi.

Tukashona ubavu kwa ubavu, yeye na shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, mimi na yangu. Kwa kuwa upana wa ukili wangu hautulii, mkeka una mawimbi. Ukiweka kikombe cha chai upande wa miguuni, kinakaa upande. Nimeshautandika chumbani kwa Mama. Wiki ya pili hii anaulalia mchana, analalamika unamchoma mgongo, halafu anajijibu mwenyewe kwamba mkeka mpya haulaliwi vema.

Juzi nilimkuta anaupapasa. Unajua macho yake siku hizi, anaona zaidi kwa vidole. Akawa anahama mstari mmoja baada ya mwingine, kwangu anapita bila kusema, akafika wa saba akasimama.

"Huu kasuka nani?"

Nikamwambia, mwanao.

Akarudi mwanzo wa mstari, akaufuata tena taratibu mpaka pale nilipouungia mimi.

"Mbona aliacha? Huku mwisho alishaanza kunyooka."

Alipopata usingizi nilipiga magoti nikaangalia kwa macho yangu. Kweli, wifi. Shibiri yako ya mwisho imenyooka.

Wifi yako,
Mbagala