Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafumbo ya Hesabu, Suala la Mabao na Ada

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote nawasalimu kwa heshima zenu. Mkutano ulitangazwa kuanza saa tatu kamili. Naanza kusoma saa nne na dakika arobaini na mbele yangu naona watu 14, watatu kati yao wakiwa Kamati. Wiki mbili zilizopita tuliahirisha kwa kukosa akidi, na katiba yetu inasema mkutano ulioitwa mara ya pili unaendelea kwa idadi yoyote iliyofika. Kwa hiyo tunaendelea. Taarifa hii itawekwa pia kwenye grupu kwa ajili ya wasiofika, maana huko kwenye grupu hakuna anayekosa.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha mafumbo ya hesabu kwa watoto mnazijua, sitawachosha. Tulikutana na watoto kila Jumamosi asubuhi hapa hapa Magomeni, isipokuwa wakati wa masika Jangwani ilipojaa maji na wa ng'ambo ya pili wakashindwa kuvuka, na wiki za mitihani. Siku nzuri walifika watoto 46, siku mbaya 7. Tulifanya mraba wa namba tisa ambao kila upande unatoa 15, vijiti vya kiberiti, mafumbo ya mkweli na mwongo, na ile ya kujumlisha 1 mpaka 100 kwa kuoanisha wa kwanza na wa mwisho, ukapata 101 mara hamsini, yaani 5,050. Tulishiriki misiba miwili na harusi moja. Kamati ilikaa vikao vitano.

Kabla sijafika kwenye jambo kubwa, nijibu la madaraja. Baba mmoja aliandika kwenye grupu, saa sita usiku, kwamba nimemweka mwanawe saa nzima kwenye swali lisilo na jibu. Swali lenyewe ni la mji wa zamani wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad, Urusi: ulikuwa na madaraja saba, je, waweza kuyapita yote, kila moja mara moja tu? Tulichora kwa chaki sakafuni, watoto wakatembea mpaka chaki ikafutika. Jibu ni kwamba haiwezekani, na mwanahisabati Euler alionyesha sababu yake mwaka 1736. Kila kipande cha ardhi pale kilikuwa na idadi witiri ya madaraja, na kila unapoingia mahali na kutoka unatumia mawili, kwa hiyo sehemu yenye witiri lazima iwe ama ulikoanzia au ulikoishia. Sehemu za namna hiyo mle mjini zilikuwa nne, ilhali mwanzo ni mmoja na mwisho ni mmoja. Mtoto akisema "haiwezekani, na sababu ni hii", amejibu. Mwana wa huyo baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuanza kuhesabu madaraja ya kila upande, na baba angekuwepo angeona.

Sasa mabao, yaani mbao za kuchezea bao.

Mkutano mkuu uliopita ulitenga shilingi 200,000 za zawadi za mashindano ya kujibu mafumbo kwa kasi: mabegi, kalamu, madaftari. Mwezi Juni nilisimamisha mashindano hayo, na fedha hizo zikanunua mabao 8 na komwe zake, yaani mbegu zinazotumika kama kete. Tangu hapo nimeitwa majina. Imesemwa nimevunja maazimio ya mkutano mkuu, imesemwa nawafundisha watoto uvivu wa kijiweni, na imesemwa fundi wa Keko aliyechonga mabao hayo ni shemeji yangu.

Naanza na hilo la mwisho. Ni shemeji yangu, sikatai. Mafundi wengine wawili walitaka 35,000 kwa kila bao, yeye akachukua 22,000, jumla 176,000. Zilizobaki 24,000 ni komwe na vanishi. Risiti anazo Mweka Hazina. Mwenye shemeji anayechonga kwa bei ya chini ya hiyo alikuwa na mwezi mzima wa kumleta.

Kuhusu maazimio: niliitisha mkutano wa dharura mara mbili. Akidi yetu ni 29. Mara ya kwanza walikuja 9, mara ya pili 12, na wawili kati ya hao walikuja kuulizia kama kuna posho. Ningeomba idhini kwa viti? Kifungu cha dharura kwenye katiba kinamruhusu Mwenyekiti kuamua akishauriana na Katibu na Mweka Hazina, nami nilifanya hivyo.

Sababu yenyewe ni hii. Kwenye mashindano ya mwisho tuliuliza lile fumbo la zamani la mtu, chui, mbuzi na majani. Mtumbwi unabeba mtu na kimoja tu. Chui na mbuzi wakibaki peke yao, mbuzi kwisha habari; mbuzi akibaki na majani, majani kwisha. Kijana mmoja wa darasa la sita alinyoosha mkono kabla sijamaliza kusoma, akataja safari zote saba bila kupumua, wazazi wakapiga makofi, akachukua begi. Mimi nimefundisha hesabu miaka 26, makofi hayanidanganyi. Nikamwambia, haya, sasa ni kicheche, kuku na mtama. Akanitazama. Akasema, "Mwalimu, hiyo hatujafundishwa."

Ni fumbo lile lile, ndugu zangu, limebadilishwa majina tu.

Wakati huo huo, meza ya nyuma alikuwepo binti wa darasa la nne ambaye hakupata zawadi wala makofi. Alikuwa na vizibo vitatu vya soda na ganda la kalamu ndilo mtumbwi wake. Alikwama pale wote wanapokwama: umemvusha mbuzi, umemvusha na chui, sasa ukirudi kuchukua majani mbuzi analiwa. Wenzake walishaacha. Yeye alikishika kile kizibo cha mbuzi, akakiangalia muda mrefu, kisha akakirudisha alikokitoa, polepole, kama mtu anayeogopa kugombezwa. Akanong'ona, "Kwani kurudi ni kosa?" Ilimchukua dakika 23, nilitazama saa. Nilipompa kicheche na kuku alimaliza kabla sijakaa.

Kwa mashindano yale, huyo binti ndiye aliyeshindwa. Ndiyo maana nikayasimamisha, na mkinirudisha mwezi Juni nitayasimamisha tena.

Kwa nini bao? Kwa sababu bao halina jibu la kukariri. Kete 64, mashimo 32, kila mchezaji na mashimo 16 ya upande wake. Unaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, na baada ya namua chache, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja, hakuna mchezo uliofanana na mwingine. Kanuni niliyoiweka (niliiweka mimi, Katibu ni shahidi) ni kwamba kabla hujagusa shimo unasema kwa sauti kete ya mwisho itaanguka wapi, na kama utakula kete za mwenzako au utalala, yaani zamu yako itaishia hapo. Ukikosea, mwenzako anakuuliza ulihesabu vipi. Mwezi Agosti mtoto mmoja akagundua peke yake kwamba shimo likiwa na kete 16 ukianza kumwaga kwenye shimo linalofuata, ya mwisho inarudi pale pale ulipozichota. Kisha akasema, "Kwa hiyo kumi na saba ni kama moja." Huo ni mgawanyo na baki, ndugu zangu, kaufikia kwa vidole vyake mwenyewe. Kuhusu uvivu wa kijiweni, Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na sijasikia mtu akimwita mvivu.

Sikuahidi maksi. Kuna mama aliniuliza kama bao litatoka kwenye mtihani wa darasa la saba. Halitatoka. Anayetaka tuisheni, tuisheni zipo kila kona ya jiji hili.

Komwe zilinunuliwa 512, leo zipo 497. Upungufu huo aligundua mtoto, si Kamati. Mwenye kujua 15 ziliko azirudishe, hataulizwa.

Fedha. Bakaa ya mwaka jana 211,500, ada 602,000, jumla 813,500. Matumizi: ukumbi 300,000, mabao 200,000, fotokopi 118,500, chai na maandazi 96,000, nauli na vocha 45,000, jumla 759,500. Salio 54,000. Humo hamna zile nilizotoa mfukoni mwangu kwa chaki na maji ya watoto. Sizidai, nazitaja tu.

Tupo wanachama 58. Ada ni 2,000 kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 19, nawashukuru kwa majina ambayo Katibu atayasoma. Waliolipa kidogo kidogo ni 14. Watu 25 hawajatoa hata senti tano, na wengine kati yao ndio wanaouliza fedha za mabegi ziliishia wapi. Tunadai kwa jumla 790,000. Mimi naishi na nyinyi, naziona kadi za michango. Send-off laki moja, kitchen party elfu hamsini, harusi tena, na mtu anatuma kabla ya tarehe na kubandika ujumbe wa muamala kwenye grupu tuuone. Elfu mbili ya mafumbo ya mwanawe ni "Mwenyekiti, natuma jioni". Jioni hiyo ni ya mwezi wa pili mwaka huu.

Na mahudhurio ya wazazi siku za Jumamosi ndiyo hivyo. Tuliomba wawili wawili kwa zamu, kukaa na watoto tu, si kufundisha. Zamu zilitimia mara sita. Jumamosi moja nilibaki peke yangu na watoto 31, na mzazi aliyekuwa na zamu nilimkuta jioni kwenye baraza, anacheza bao.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akitujalia, kupata ukumbi wenye feni, kuongeza watoto, kutafuta wafadhili, na kuangalia uwezekano wa kufika Mbagala na Kigamboni. Mashindano nayo yanaweza kurudi kwa utaratibu mwingine, Kamati italitazama. Anayetaka nafasi yangu, fomu anazo Katibu, bei ni elfu tano na hazirudishwi. Mpaka jana jioni hakuna aliyechukua.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Magomeni, Dar es Salaam